Namna ya Kuipata Tena Migahawa Uliyoipenda Jakarta Baada ya Kuishi Mbali kwa Miaka

Kabla hujafungua ramani ya simu, chukua karatasi na kalamu, ukae mahali penye utulivu, uandike kila mahali ulipokuwa ukila Jakarta kabla ya kuondoka. Usiishie kwenye jina. Andika chakula ulichokuwa ukiagiza, saa uliyokuwa ukifika, upande wa barabara, duka lililokuwa jirani, na mtu aliyekuwa akikuhudumia. Kumbukumbu za aina hii huharibika upesi pindi unapoanza kutazama picha za watu wengine, kwa kuwa baada ya siku mbili huwezi tena kutenganisha ulichokiona kwa macho yako na ulichokiona kwenye kioo cha simu.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga niliyeolewa Jakarta. Tuliishi huko tangu mwaka 2006, tukahamia Muscat mwaka 2014 kwa ajili ya kazi ya mume wangu, na mwaka 2023 tukarejea kwao, ambako nami sasa hupaita kwetu. Orodha yangu ilikuwa na sehemu 17, na nilipoipitia vizuri niliona kwamba ni tano tu zilizokuwa na jina. Zilizobaki niliziandika kama "kambare wa Fatmawati", "supu ya karibu na kituo cha mafuta", au "uji wa yule mzee mwenye kofia ya kijani". Ikiwa orodha yako imekaa hivyo, usione kwamba umesahau, kwani sehemu kubwa ya chakula kizuri cha mji huu hupikwa chini ya turubai, na turubai halina kibao cha jina.

Anza na migahawa isiyohama

Watu wengi wanaorejea hukimbilia kwanza ile sehemu wanayoipenda kuliko zote, na hapo ndipo wanapokosea. Anza na migahawa ya zamani ambayo haijahama, hata kama haikuwa kipenzi chako, kwa sababu utaitumia kama mawe ya mizani. Kuna Ragusa, karibu na Msikiti wa Istiqlal, inayouza aiskrimu tangu mwaka 1932. Kuna Kopi Es Tak Kie, iliyojificha ndani ya kichochoro katika mtaa wa Wachina wa Glodok, ambayo imekuwa ikiuza kahawa baridi tangu mwaka 1927. Na kuna wali wa kukaanga kwa nyama ya mbuzi wa Kebon Sirih, ulioanza mwaka 1958 na bado hupikwa kando ya barabara katika karai kubwa ambamo mpishi huugeuza kwa nguvu za mikono miwili; harufu ya viungo vyake itamfanya mtu yeyote wa Pwani ageuze shingo akidhani kuna pilau la harusi karibu.

Sababu ya kuanza hapo ni kwamba si mji peke yake uliobadilika. Ulimi wako nao umebadilika. Baada ya miaka tisa ya kula chakula cha Oman, ambacho kina viungo vingi lakini si kikali, pilipili ya kawaida ya Jakarta ilinitoa machozi, na sharubati niliyokuwa nikiipenda niliiona tamu kupita kiasi. Kama ningeanza na vibanda vyangu vya zamani, ningesema kila mpishi ameharibu chakula chake. Lakini nilipokula Kebon Sirih na kuona kwamba hata pale chakula kilinishinda kwa ukali, ilinibidi nikubali kwamba kasoro ilikuwa kwangu. Jipe majuma mawili ya kula vyakula vya kawaida vya mji kabla hujatoa hukumu juu ya mtu yeyote.

Saa ya kutafuta

Kosa langu kubwa lilikuwa hili. Siku ya nne baada ya kufika nilikwenda kumtafuta yule muuza kambare wa Jalan Fatmawati saa saba mchana, nikakuta duka la vipuri vya pikipiki, nikarudi nyumbani nimenyong'onyea, nikamwambia mume wangu kwamba kibanda kimekufa. Naye akaniuliza tangu lini nimemwona muuza kambare mchana. Kweli, yule bwana alikuwa akilitandaza turubai lake mbele ya maduka yaliyokwisha kufungwa, baada ya magharibi, na kulikunja usiku wa manane. Mchana mahali pale hapakuwa pake hata zamani.

Kwa hiyo kila chakula kitafute kwa saa yake. Uji wa wali wenye kuku, uitwao bubur ayam, ni wa asubuhi, na ukifika saa nne unaweza kukuta sufuria imeshaoshwa. Tak Kie hufunga mapema mchana. Vyakula vya Wategal, watu wa Tegal huko Java ya Kati, yaani zile meza zenye vioo wanazoziita warteg, ambazo Mtanzania atazielewa mara moja akiambiwa ni mama lishe wa Jakarta, hufanya kazi karibu siku nzima, lakini vinono huisha adhuhuri. Mtaa wa Pecenongan huchangamka baada ya giza kuingia. Ukienda kwa saa isiyo yake, utaandika msiba usiokuwepo.

Vilevile angalia kalenda. Katika Ramadhani migahawa mingi hufunga mchana au huteremsha pazia, na baada ya Idi wapishi wengi hubaki vijijini kwao kwa wiki moja, mbili, au zaidi, kwa kuwa desturi ya kurudi kwao, iitwayo mudik, huutoa mji huu mamilioni ya watu. Wengi wa wenye vibanda vya barabarani ni wahamiaji kutoka Java ya Kati, Java Mashariki, Madura na Sumatra. Usimhesabu mtu kuwa ameacha biashara mpaka nusu ya mfungo pili.

Jina, kabila na kitambaa

Mgeni wa mji huu hudanganywa kirahisi na majina. Soto Lamongan, Sate Madura, Mie Aceh, Pempek Palembang na Coto Makassar si majina ya migahawa, bali ni aina za vyakula zilizopewa jina la mahali zilikotoka, kama vile mtu asemavyo urojo wa Zanzibar. Kumwuliza mwenyeji "Sate Madura iko wapi?" ni sawa na kuuliza Dar es Salaam mishkaki inapatikana wapi: utaelekezwa mahali kumi. Hata jina lenyewe la mgahawa halitoshi. Migahawa ya vyakula vya Padang, mji wa Waminang huko Sumatra Magharibi, iitwayo Sederhana, neno lenye maana ya kitu cha kawaida kisicho na makuu, imetapakaa kote, na ladha ya mmoja haikuambii lolote kuhusu mwingine, kwa sababu kila jiko lina mkono wake.

Maneno matatu kwenye kibao yatakusaidia. Pusat ni makao, mahali biashara ilipoanzia au panapotawala matawi. Cabang ni tawi. Na ukiona tidak buka cabang, mwenyewe anakutangazia kwamba hana tawi popote, kwa hiyo yeyote utakayemkuta kwingine kwa jina lile ameliazima bila ruhusa. Neno asli, halisi, lipuuze. Kila mtu ni halisi.

Vibanda vya kambare wa kukaanga, wanavyoviita pecel lele, vina alama iliyo bora kuliko jina. Wengi wa wapishi wake hutoka wilaya ya Lamongan huko Java Mashariki, na mbele ya turubai hutundika kitambaa kirefu kilichochorwa kwa mkono, chenye kambare mwenye sharubu, jogoo, bata, pengine na kamba, kwa rangi za kijani, machungwa na waridi zinazong'aa taa zinapowashwa. Vitambaa hivi vyote vinafanana kwa mbali, lakini ukisimama karibu utaona havilingani: kimoja kambare wake ana tabasamu, kingine jogoo ana shingo ndefu mno, na herufi za kila mchoraji zina mkunjo wake. Ikiwa ulikuwa mteja wa kudumu, jicho lako linakikumbuka kitambaa kile kuliko unavyodhani. Mwenye kibanda anapohama huhama nacho, kwa sababu ni gharama kuchorewa kingine. Mimi sikumtambua muuza kambare wangu kwa uso. Nilimtambua kwa jogoo mwenye jicho lililochorwa juu mno, karibu na upanga wa kichwa.

Mitaa nayo ina majina mawili. Barabara ambayo kila mtu huiita Sabang, maarufu kwa vyakula tangu zamani, kwenye ramani imeandikwa Jalan Haji Agus Salim. Ukishindwa kuupata mtaa wa kumbukumbu zako kwenye simu, mwulize mtu mzima jina lake la pili.

Kumwuliza mtu wa kumwuliza

Kila penye maduka matatu Jakarta kuna mtu mwenye filimbi na fulana ya rangi kali anayeongoza pikipiki na magari kuingia na kutoka. Huyu mlinzi wa maegesho ndiye kumbukumbu ya mtaa. Ameona nani kahama, nani kafariki, nani kamwachia mwanawe, na nani kagombana na mwenye nyumba. Mwenye duka jipya anaweza kukujibu kwamba hajui, lakini mlinzi wa maegesho hujua, na akisahau humwita mwenzake wa ng'ambo ya barabara. Mpe ada ya maegesho hata kama umekuja kwa miguu.

Hata hivyo hutapata kitu kwake wala kwa mpishi ikiwa hujui kumwita. Sisi tuliokulia kwenye shikamoo hatuhitaji kuelezwa kwamba neno la kwanza hufungua au hufunga mlango, ila Indonesia neno hilo hubadilika kwa umri na kwa asili ya mtu. Mtu mzima wa kiume ni Pak, wa kike ni Bu. Kijana wa Kijava mwite Mas, na msichana Mbak. Mtu wa Betawi, wenyeji wa asili wa Jakarta, ni Bang. Katika mgahawa wa Padang mhudumu wa kiume ni Uda, na wa kike ni Uni, kwa lugha yao ya Kiminang. Mtu wa Lamongan, Surabaya au Madura hufurahi akiitwa Cak. Wenye asili ya Kichina huitwa Ko na Ci. Nilipokuwa mgeni nilimwita kila mwanamume Pak, na haikuwa kosa, lakini siku nilipomwita muuza mishkaki "Cak" alisimamisha kipepeo chake juu ya makaa, akaniangalia, akaniongezea vijiti viwili.

Swali lenyewe liwe fupi: Pindah ke mana, ya? Maana yake ni kwamba unauliza amehamia wapi, na faida yake ni kwamba halimlazimishi mtu kukutajia kifo au hasara. Ukiuliza kama biashara imekufa, wengi watakujibu kwa tabasamu na kusema hawajui. Ukiuliza amehamia wapi, hata aliyekufa utaambiwa mjane wake anapikia wapi.

Yaliyopita ukiwa hupo

Mtu aliyeondoka kabla ya mwaka 2015 amekosa mambo manne yaliyouhamisha ulaji wa Jakarta, na ni vizuri kuyajua ili usilitafute jiko pale lisipoweza kuwepo. La kwanza ni chakula cha kuletewa kwa pikipiki: huduma ya GoFood ilianza mwaka 2015, na wapishi wengi waliacha meza kabisa, wakabaki na jiko na dirisha. La pili ni treni ya MRT iliyozinduliwa Machi 2019 kutoka Lebak Bulus hadi Bundaran HI. Ujenzi wake ulianza mwaka 2013, na kwa miaka hiyo yote barabara kama Fatmawati, ambayo sasa ina nguzo na njia ya treni juu yake, ilikuwa na vizuizi na vumbi; wenye maturubai waliingia mitaa ya ndani, na wengine hawakurudi. La tatu ni malipo ya simu kwa msimbo wa QRIS, uliozinduliwa mwaka 2019. La nne ni janga la mwaka 2020, ambapo kuanzia Aprili watu walikatazwa kula ndani ya migahawa, na mingi haikufungua tena.

Mambo haya yaliyowaficha wapishi ndiyo yanayokusaidia kuwapata. Ndani ya programu ya kuagizia chakula, usiandike jina la mgahawa. Andika chakula pamoja na kile kilichokuwa cha pekee kwake, kwa mfano soto, yaani supu, ya tui la nazi badala ya maziwa, kisha tazama picha za sahani zilizopigwa na wateja. Sahani hubadilika polepole kuliko majina. Ukiona sahani zilezile za plastiki, namna ileile ya kukata tango, vitunguu vya kukaanga vimemwagwa upande uleule, agiza. Chakula kikifika na ladha ikakaribia, uliza anwani ya jiko uende mwenyewe, kwa maana soto iliyosafiri dakika 40 ndani ya mfuko wa plastiki haiwezi kuhukumiwa kwa haki. Vijana wa pikipiki wanaosubiri nje ya majiko nao ni wa kuulizwa, kwani hao huchukua chakula sehemu nyingi kwa siku moja.

QRIS ina faida moja ambayo hakuna aliyenieleza. Unapoelekeza simu kwenye msimbo, kabla hujalipa, hujitokeza jina lililosajiliwa la mfanyabiashara, na mara nyingi hilo ni jina la mwenye jiko au la kibanda cha kwanza, si lile la kibao kipya. Kwa njia hiyo nilibaini kwamba duka la supu lenye jina la kisasa na viti vya chuma lilikuwa mali ya familia ileile iliyokuwa ikiuza karibu na kituo cha mafuta. Pamoja na hayo beba noti ndogondogo, kwa sababu yule mzee wa uji hana simu ya kisasa na hataki kuwa nayo.

Siku ya kwanza mezani

Ukishapapata, agiza kilekile ulichokuwa ukila, kwa namna ileile, na usiongeze kitu. Nenda peke yako au na mtu mmoja aliyekuwa akienda nawe zamani. Watoto wangu, waliokulia Muscat, niliwapeleka mara ya tatu, kwa sababu mara ya kwanza mtu hawezi kuonja na huku anatetea.

Katika mgahawa wa Padang, chagua ule unaoandaa kwa mtindo wa hidang, ambapo Uda hukujia na sahani kumi na kitu amezipanga juu ya mkono mmoja kuanzia kiganja hadi karibu na bega, akazitua zote mezani bila kukuuliza. Unalipa ulichogusa tu. Watu hukimbilia nyama ya rendang, lakini rendang huvumilia mpishi mbaya, kwa kuwa imepikwa kwa saa nyingi na tui na viungo vimekwisha kuingia. Mimi hupima kwa kisamvu. Majani ya muhogo kwao hayatwangwi kama ya Tanga. Huchemshwa yakiwa mazima, yakakamuliwa na kuwekwa kando ya wali, kisha yakamwagiwa mchuzi wa nazi na pilipili ya kijani iliyopondwa. Majani yakiwa laini bila kupoteza rangi, na yasiache uchungu nyuma ya ulimi, basi kuna mtu jikoni anayejali hata kitu kisichomletea fedha.

Kwa vibanda vya kambare, kipimo ni sambal. Hupondwa kwenye jiwe, kwa pilipili, nyanya, vitunguu, sukari ya mnazi na donge dogo la terasi, ambalo ni uduvi uliochachushwa na kukaushwa. Kambare aliyeiva kwa mafuta moto hufanana popote, ila kiasi cha terasi ni siri ya mkono wa mtu, na mkono ukibadilika utajua kwa tonge la kwanza. Usikasirike mara moja. Uliza nani anaponda siku hizi.

Muuza kambare wangu nilimpata katika mtaa wa ndani, mita 300 hivi kutoka mahali pake pa zamani, kwa maelekezo ya mlinzi wa maegesho aliyeniambia nimfuate jogoo. Aliyekuwa akikaanga ni kijana wa miaka 20 na kidogo. Sahani ikaja na tango, kabichi mbichi, mrehani, na bakuli la maji lenye kipande cha ndimu la kunawia vidole. Nikaonja, nikaona sambal imezidi utamu. Nikamwuliza, "Cak, nani anaponda?" Akajibu ni yeye, na kwamba baba yake amelala nyuma kwa sababu ya magoti. Baba alipoambiwa kuna mteja wa kutoka Afrika, akatoka akichechemea, akasema bila kufikiri: kambare wawili, tango lisilomenywa, bila kabichi. Kisha akavuta kigoda, akaketi mbele ya lile jiwe, akaanza kuponda upya.

Karatasi yangu sasa ina mistari miwili mipya chini ya jina lake: hafungui Jumatatu, na baba hukaa jikoni hadi saa mbili usiku tu, kwa hiyo fika mapema.